Faili Litafunguka Kabla Sijamaliza

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kwa bahati njema ni mimi mwenyewe, Waheshimiwa Wajumbe wa Kamati ya Maandalizi, Waheshimiwa Wajumbe wa Kamati ya Kusimamia Kamati ya Maandalizi, Daktari Mfawidhi wa hospitali hii, wasaidizi wako, na wasaidizi wa wasaidizi wako, Daktari Bingwa wa Mifupa, mgeni wetu uliyetoka mbali na ambaye naambiwa unaondoka leo jioni, karibu sana na usiangalie saa, Matroni, wauguzi mlio zamu, na ninyi mliotoroka zamu ili kuja kunisikiliza, mama mkwe wangu, shikamoo mama, nimekuona hapo mbele na nimefarijika, shemeji zangu wote, wagonjwa wa kulazwa na wagonjwa wa kwenda na kurudi, ndugu wananchi, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa, na pale ambapo haikuzingatiwa mtanisamehe, kwa kuwa karatasi ya itifaki imepeperushwa na upepo sasa hivi mbele ya macho yangu.

(Makofi. Yanaongozwa na bwana mmoja aliyesimama kando ya jukwaa na leso nyeupe: akiipandisha, watu wanapiga, akiishusha, wananyamaza.)

Kumbukumbu! (Watu: "Kwa kasi!") Sijasikia. Kumbukumbu! (Watu, kwa sauti ile ile: "Kwa kasi!") Ahsanteni, nimeridhika.

Ndugu zangu, leo ninazindua mbele yenu Mradi Mkakati Jumuishi wa Kuboresha Pafomansi ya Seva na Netiweki ya Hifadhi ya Kumbukumbu ya Kikontena, Awamu ya Pili. Mtaniuliza Awamu ya Kwanza ilikuwa lini. Awamu ya Kwanza ilikuwa kutunga jina la mradi, na mmelisikia wenyewe, haikuwa kazi ya kitoto. (Leso inapanda. Makofi.) Matunda ya mradi ni hilo kontena mnaloliona nyuma yangu, la rangi ya samawati, lenye utepe mwekundu, makufuli mawili na kiyoyozi kinachonguruma tangu asubuhi bila kuomba likizo. Na kwa yule asiyejua seva ni nini, maana uongozi wangu haumwachi mtu nyuma, seva ni kompyuta kubwa isiyokaa mezani kwa mtu, bali hukaa peke yake mahali penye baridi ikitunza mafaili ya watu wote, na netiweki ndiyo njia inayoyatoa mafaili hayo huko yaliko na kuyafikisha kwa daktari. Hapa mwanzo hapakuwa na seva wala njia. Leo tuna vyote viwili, na juu yake tuna utepe!

(Makofi. Mzee mmoja katikati anajipangusa suruali na kumnong'oneza jirani yake: "Hivi viti mbona ni vya baridi hivi? Kama vimetoka kwenye friji." Jirani: "Nilidhani ni mimi tu.")

Nasikia minong'ono kuhusu viti. Baridi hiyo, wazee wangu, ni matokeo chanya. Hospitali yenye mfumo bora hupoa yenyewe kuanzia chini.

(Mama mmoja wa mstari wa tatu anasimama. Amempakata binti yake, mtoto wa miaka sita hivi, mguu wa kushoto umefungwa bandeji mpaka gotini.)

Mama, maswali ni mwisho kabisa, na mwisho kabisa huwa hatuna muda.

("Si swali, mheshimiwa. Mimi ni fundi cherehani, nashona hapo ng'ambo ya barabara. Nataka faili la mwanangu tu. Daktari anaondoka leo.")

Endelea, mama, ila kwa ufupi. Mrefu hapa ni mimi.

("Mwanangu alivunjika mguu, akatiwa vyuma hapa hapa hospitalini. Sasa mguu unakua umepinda, usiku analia mpaka anachoka. Daktari bingwa amesema atamfanyia upasuaji leo, chumba kiko tayari, mtoto hajala tangu jana. Lakini hawezi kukata bila kuona picha za mwanzo, ajue vyuma vilikaa wapi. Picha zimo kwenye faili. Na dirishani nimeambiwa faili limo humo kwenye kontena lako.")

Nirudie kwa faida ya walio nyuma: mtoto anaumwa, daktari yupo, kisu kipo, kinachosubiriwa ni faili. Jamani, nyie! Ningelipa watu waje kuigiza shida kama hii wasingeweza kuiigiza vizuri kiasi hiki! Mama, wewe umeletwa na Mungu. Keti, mpe mtoto pole kwa niaba ya ofisi yangu, na utazame skrini, kwa kuwa sasa hivi tunafanya onyesho la moja kwa moja. Injinia! Lifungue faili la binti huyu!

("Sawa, mjomba!" anajibu bwana mwenye ndevu aliyeketi nyuma ya kompyuta mpakato, kwenye meza yenye kitambaa.)

Mjomba ni nyumbani. Hapa ni Mheshimiwa. Ndugu wananchi, Injinia wetu ni mpwa wangu, hilo silifichi, lakini usaili ulikuwa wa haki, niliusimamia mwenyewe sebuleni kwangu na wenzake wote hawakufika.

(Kwenye skrini linatokea duara la kijani. Linazunguka. Chini yake pameandikwa: "Faili linafunguka, asilimia tatu.")

Mnaona? Asilimia tatu, na bado sijanywa hata maji! Sasa nasema hivi, na waandishi mniandike vizuri: faili hili litafunguka kabla sijamaliza hotuba. Na kwa kuwa mimi si mtu wa kuvunja ahadi, sitamaliza hotuba mpaka lifunguke.

(Guno refu. Leso inapanda. Makofi mafupi.)

Tunakumbuka tulikotoka. Mwanzo mgonjwa alifika dirishani, akataja jina, mtu akaingia chumba cha mafaili, akatoka na faili mkononi, basi. Nawauliza, hayo ni maendeleo? Mgonjwa hakupata hata nafasi ya kusubiri! Hakuweza kuona asilimia yoyote. Faili lilikuja kimyakimya, kwa teknolojia ya miguu, bila dashibodi, bila ripoti ya robo mwaka, bila stekholda hata mmoja kushirikishwa. Mimi nikasema hapana, haiwezekani, dunia inatucheka. Nikaenda ziara ya mafunzo. Nilipotoka huko nikaenda ziara ya kuyaelewa mafunzo. Ndipo nilipojifunza neno moja ambalo nitawaachia leo kama urithi, nalo ni mzigo. Wataalamu waliniambia, Mheshimiwa, seva ikibebeshwa mafaili mengi hulemewa, na netiweki ikipitisha picha nzito huwa kama mtu anayekimbia na gunia la mahindi kichwani. Nikawauliza, kwa hiyo tukipunguza mzigo, spidi inaongezeka? Wakasema kinadharia ndiyo. Mimi neno kinadharia silijui, nilisikia ndiyo. Nikarudi hapa siku hiyo hiyo nikatoa maelekezo mafaili yote na picha zote kuukuu zichomwe nyuma ya jiko, na chumba kile kikawa sebule ya viongozi, ambamo nimetoka kunywa chai sasa hivi, na sofa zake, wallahi, zinakumeza.

(Fundi cherehani: "Zichomwe? Mheshimiwa, picha za mwanangu zilichomwa?")

Mama yangu, usinikate kauli. Zilichomwa baada ya kuhamishiwa kwenye kontena. Au tuseme, uchomaji ulikamilika kwa asilimia mia moja, na uhamishaji unaendelea vizuri. La muhimu tazama skrini, uko asilimia arobaini!

(Duara linazunguka. Mara linakatika, na badala yake anatokea bibi harusi akikata keki, wapambe wakipiga vigelegele kwa sauti ya juu. Kicheko kikubwa. "Samahani, mjomba," anasema Injinia, na duara linarudi. Sasa limeandikwa asilimia thelathini na nane.)

Mnacheka nini? Huo ni uwezo wa mfumo kufanya kazi nyingi kwa wakati mmoja. Seva ya kawaida ingefungua faili tu. Yetu inafungua faili huku ikiburudisha wagonjwa. Na hii ya kurudi nyuma kidogo, kutoka arobaini hadi thelathini na nane, kitaalamu tunaiita kujipanga upya. Hata mimi nikitaka kuruka mtaro mpana huwa narudi nyuma kwanza.

Sasa niingie kwenye takwimu, maana anayezungumza bila takwimu anapiga soga. Tangu kontena hili lifike, seva zake hazijawahi kuharibika, hazijawahi kupata virusi, hazijawahi kupoteza faili hata moja, na hazijawahi kupata joto. Ni asilimia mia moja kwenye kila kigezo, isipokuwa kigezo cha kufungua mafaili, ambacho tumekiondoa kwenye vigezo kwa sababu kilikuwa kinashusha wastani na kuwavunja moyo watumishi. Spidi ya netiweki imepanda mara mia nne. Mtu ataniuliza mara mia nne ya nini. Huyo ndiye adui wa maendeleo, na uzuri ni kwamba ameketi kati yenu, mtamjua. Malalamiko nayo yamekwisha kabisa, jambo ambalo halijapata kutokea, tangu nilipoamuru sanduku la maoni lifungiwe ndani ya kontena kwa usalama wake.

(Leso inapanda, inatikiswa. Makofi ya watu wa mstari wa mbele. Daktari Bingwa anainuka kwenye meza kuu na kusema bila maiki, lakini anasikika: "Samahani, mheshimiwa. Kama faili halipo, mtoto apigwe picha mpya. Ni kazi ya dakika chache. Nikishaona vyuma naanza.")

Nakushukuru kwa mchango huo, daktari, umekuja kwa wakati.

(Matroni, akiwa amekaa: "Chumba cha picha hakina umeme, daktari. Tangu waya wake uhamishwe.")

Matroni amesema kweli, na amenipunguzia kazi ya kujisifu. Ndugu wananchi, tulipofanya upembuzi yakinifu tuligundua kwamba ile mashine ya kupiga picha ilikuwa inakula umeme peke yake kama mtoto wa pekee. Tukajiuliza, kipi bora, kuendelea kupiga picha mpya kila kukicha, au kuzihifadhi vizuri zile tulizokwisha kuzipiga? Kwa busara zangu nikaamuru waya ule mnene wa chumba cha picha uvutwe upitie dirishani, ukatize uani, mpaka kwenye kontena, ili baridi isipungue hata nukta. Ndiyo huo mnaouruka mnapokwenda msalani.

("Kwa hiyo picha za zamani zimechomwa na mpya hazipigwi," anasema Daktari Bingwa.)

Kitaalamu, daktari, hilo linaitwa kipindi cha mpito.

(Fundi cherehani yuko wima: "Mheshimiwa, sikiliza. Mimi sitaki kontena, sitaki spidi. Mwanangu ana njaa, ameniuliza mara ngapi kama leo ndiyo mwisho wa kuumwa, na mimi nimemwambia ndiyo. Nimemwambia ndiyo! Sasa nimwambie nini?")

Mwambie asilimia themanini na mbili, mama. Tazama! Watoto wa siku hizi wanaelewa asilimia kuliko sisi.

(Mama mkwe wa Mheshimiwa anageuka kwenye kiti chake, anamtazama mtoto, kisha anamwita fundi cherehani kwa mkono: "Mwanangu, njoo ukae hapa mbele na mimi. Mlete mjukuu wangu." Anampokea mtoto na kumpakata.)

Mmeona mama mkwe wangu? Hiyo ndiyo familia niliyooa. Mama, ahsante kwa kuniunga mkono.

(Mama mkwe anampangusa mtoto machozi.)

Asilimia tisini na tisa, ndugu zangu! Tisini na tisa! Imebaki moja tu, nayo hiyo moja, kwa uzoefu wangu, ndiyo huwa inachukua muda kwa sababu ni ya mwisho. Wakati tunaisubiri, nigusie Awamu ya Tatu, ambapo kila kata itapata kontena lake, kila kontena litapata mlinzi, kila mlinzi atapata kibanda, na kila kibanda kitapata seva ndogo ya kuhifadhi kumbukumbu za mlinzi. Nigusie pia kwamba nimeteuliwa kuwania tuzo ya ubunifu, tuzo ambayo kamati yake naiongoza mimi, kwa hiyo nina matumaini ya wastani.

("Mjomba," anaita Injinia kwa sauti ya chini, lakini maiki ya meza imeinasa, "video inaisha. Niianzishe tena toka mwanzo?")

Injinia anauliza kama aboreshe zaidi. Tulia, Injinia. Naona Daktari Bingwa ameshika mkoba wake, na mimi nisiwe mtu wa kuwachelewesha watu. Faili likikaribia kufunguka ni sawa na kufunguka, kwa hiyo ahadi yangu nahesabu nimeitimiza, na nimalizie kwa shukrani.

(Makofi. Leso bado haijapanda.)

Kwanza namshukuru shemeji yangu, mkodishaji maarufu wa mahema, viti na sahani, simama shemeji wakuone, ambaye ndiye mwenye kontena hili, na ambaye alikubali tulipake rangi ya mradi kwa sharti moja tu, kwamba viti vyake viendelee kukaa humo ndani kama siku zote. Na kusema ukweli hapakuwa na cha kugombea nafasi, maana seva zenyewe bado ziko katika hatua ya kufikiriwa. Ndivyo viti hivi hivi mlivyokalia, vimetolewa humo asubuhi, na ubaridi wake mmeuonja wenyewe, hakuna viti vya plastiki vilivyohifadhiwa kwa viwango vile popote mnapopajua! Pili namshukuru mpwa wangu, mpiga video za harusi, aliyelichora lile duara la kijani kwa mikono yake likazunguka vizuri namna ile mpaka mimi mwenyewe kuna mahali niliamini. Tatu namshukuru fundi umeme wetu, yule pale karibu na ukuta, aliyevuta waya wa chumba cha picha, ambao kwa kweli umebeba mengi, kiyoyozi ni huo, skrini ni huo, na hata maiki hii ninayoongelea ni huo huo. Mwisho nawashukuru ninyi nyote kwa kuuamini mradi huu kuliko ulivyostahili, na nawaomba mkiinuka kila mtu arudishe kiti chake, na mfanye haraka, kwa kuwa kontena lina harusi jioni.

(Leso inapanda. Kimya. Inatikiswa. Kimya.)

Kumbukumbu!

(Kimya.)

Kumbukumbu!

(Fundi cherehani: "Ziko wapi?")

Sijasikia!

(Watu wote: "Ziko wapi?")

Hapo sawa! Sasa ndiyo mmechangamka! Kumbukumbu!

(Watu wote, wakiwa wamesimama: "Ziko wapi?" Mama mkwe anainua mkono, na kelele zinapungua. "Baba," anamwambia Mheshimiwa, mtoto akiwa bado mapajani mwake.)

Naam, mama.

("Ukija kwangu nakuambia kula, unakula. Nakuambia ongeza, unaongeza. Hujawahi kunikatalia.")

Siwezi, mama. Hata kidogo.

("Leo nakuambia nyamaza." Kisha anamgeukia fundi umeme pale ukutani: "Na wewe mwanangu, huo waya urudi ulikotoka. Sasa hivi.")

Mama, shikamoo mama, kwa heshima zote, mimi nitanyamaza, nimeshanyamaza, ila fundi ningemwomba asiguse kitu, kuna taratibu. Fundi, unakwenda wapi na koleo? Fundi! Kuna kibali, kuna sahihi tatu, na mimi ndiye mwenye zote tatu! Ndugu wananchi, msimpishe! Mradi mkubwa kama huu, wa kimkakati, wa kihistoria, hauwezi kuzimwa na mtu mmoja kwa kuchomoa wa

(Maiki imezimika. Duara limetoweka kwenye skrini. Kiyoyozi kimeguna na kunyamaza, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi watu wanasikiana. Waya unavutwa kuvuka ua. Wagonjwa, wauguzi na mzee wa kiti cha baridi wameushika wote, wanaupokezana mpaka dirishani. Baada ya muda kidogo, juu ya mlango wa chumba cha picha taa nyekundu inawaka. Daktari Bingwa ameweka mkoba chini. Anakunja mikono ya shati, anampokea mtoto kutoka kwa mama mkwe, na kumwambia fundi cherehani: "Twende, mama." Jukwaani Mheshimiwa bado anaongea, midomo inaonekana ikienda. Makofi. Ni makubwa, ni marefu, na bwana wa leso amesimama kando, leso yake iko mfukoni.)